Mtoto Si Nyasi

Mdogo wangu amemuua baba kwenye insha.

Mwalimu wao alitoa mada "Jamaa Yangu", kurasa mbili, iletwe Jumatatu. Dogo akaandika kwamba baba yetu alikuwa mvuvi. Alfajiri moja ya kusi aliingia baharini na ngalawa, bahari ikachafuka, na jioni maji yakairudisha ngalawa bila mtu. Mama akabaki mjane, akatulea kwa kukaanga samaki kando ya barabara. Methali tatu, tashbihi mbili, machozi mwishoni. Alama 34 kati ya 40, na chini yake kwa wino mwekundu: "Pole sana. Kazi nzuri."

Sasa, babetu hajafa. Anaishi Msambweni, anaendesha gari la watalii, na maji ya bahari hayajawahi kumpita magotini. Mama naye si mjane. Ni mwanamke aliyeachika, mwenye meza ya leso na madira pale Ukunda, na ukimwita mjane atakuuliza ulimwona lini akikaa eda ya kufiwa. Kati ya nyumba hizi mbili kuna matatu moja tu, nusu saa hivi, kama makanga hajaamua kungoja gari lijae.

Jumamosi dogo akaenda kwa baba kama kawaida, begi mgongoni, daftari ndani ya begi. Baba akalifungua. Saa nne asubuhi simu ya mama ikalia. Nilikuwa nimekaa naye tukichambua mchele, simu ameiweka spika, kwa hivyo nilisikia pande zote mbili.

"Unamfundisha mtoto kunizika na mimi ni mzima."

Mama hakuuliza kumetokea nini. "Kwani wewe ulikuwa mzima lini?"

Wakaenda hivyo dakika ishirini. Karo ya muhula wa kwanza ikaingia, viatu vya Idi vikaingia, shangazi yangu mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote naye akaingizwa. Hakuna aliyeuliza mtoto aliandika vile kwa nini.

Niliuliza mimi, jioni aliporudi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini samaki ana miba.

"Sasa nikiandika baba yuko Msambweni," akasema, "hadithi itatoka wapi?"

* * *

Nimekaa na swali hilo wiki tatu. Kazi yangu ni kuandika. Namwandikia yeyote anayelipa, na mara nyingine asiyelipa, na vitabu navisoma nikiwa zamu ya usiku kwenye mapokezi ya nyumba moja ya wageni hapa Diani. Nilitaka kumwonyesha dogo kwamba amekosea, kwamba hadithi ya baba aliye hai inaandikika. Nikaenda kwenye rafu yangu kutafuta ushahidi. Kumbe ushahidi karibu wote uko upande wake.

Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, kitabu cha 1996 ambacho Wakenya wengi waliosoma sekondari wamekisoma au wamesimuliwa. Kongowea Mswahili analelewa Tanga na mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Baba hayupo. Mama anafariki, kijana anateseka, na mwishowe anashika njia kuja Kenya kumtafuta baba. Barabara ya kutoka Tanga inapita Lunga Lunga, inapita Msambweni, inapita Ukunda, hadi Likoni. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa namwona Kongowea akipita mbele ya nyumba yetu na kifurushi chake. Nilimwonea wivu, wallahi. Yeye baba yake alikuwa fumbo. Wangu alikuwa anapiga simu mara tatu kwa siku kuuliza mama amesema nini.

Njoo kwa Said Ahmed Mohamed, Utengano, 1980. Hapa talaka imo, tena kubwa. Maksuudi ni tajiri anayeheshimiwa nje na kuogopwa ndani. Mkewe Tamima na binti yao Maimuna amewafungia nyumbani. Nyumba inapopasuka kwa talaka, Maimuna anatoroka, nasi tunamfuata hadi mjini, hadi danguroni, hadi kwenye kilabu anakoimba. Ni riwaya kali. Inamvua nguo mwanamume wa aina ile mbele ya watu, na ilistahili kufanya hivyo. Lakini angalia kinachompata Maimuna. Kwake talaka ya wazazi ni mlango wa kutokea tu. Akishaupita, maisha yake si tena ya mtoto wa nyumba mbili. Hana wikendi ya kwenda kwa baba. Hana jioni ambayo mama anamwuliza, kana kwamba si kitu, "Yule mwanamke aliwapikia nini?"

Halafu Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, ya 2017, setibuku yetu. Nilikuwa kidato cha tatu, na mwaka huo huo ndio wazazi wangu waliachana, kwa hivyo nilikisoma kama mtu anayesoma karatasi ya majibu yake kutoka hospitali. Umu, Dick na Mwaliko wanaachwa na mama yao, Naomi, mambo ya mume yanapoharibika. Baba yao, Lunga, anafariki. Wanabaki mikononi mwa Sauna, mfanyakazi wa nyumbani, naye anawaiba wale wadogo wawili. Darasa letu, ambalo lilikuwa halinyamazi hata wakati wa sala, lilinyamaza. Kwenye jaribio nikaulizwa athari za kuvunjika kwa ndoa kwa watoto. Nikatoa hoja kumi safi. Hakuna hata moja iliyonihusu mimi.

Unaona mpangilio? Ili mtoto apate hadithi, nyumba moja lazima ifungwe. Baba hajulikani aliko, au ni dhalimu, au amezikwa. Mama ametoroka, au ameaga dunia. Hapo ndipo mtoto anapewa safari, na msomaji anapewa kitambaa cha machozi. Siwalaumu waandishi. Walibora alitaka safari ya mtu kutafuta asili yake. Said Ahmed Mohamed alikuwa analitumbua jipu la dhuluma majumbani. Matei alikuwa na nchi nzima ya wakimbizi wa ndani mezani kwake. Na watoto wa namna hiyo wapo kweli, tunaishi nao mtaani.

Ila mtoto ninayemjua mimi ana wazazi wawili, wote hai, wote wanampenda, wote wana M-Pesa. Hajatupwa na mtu. Anavutwa huku na huku, na kila mwenye kumvuta anatunza risiti.

* * *

Nikupe mfano. Idi ya mwaka jana dogo alikuwa na kanzu mbili. Ya baba nyeupe pepe, ya mama rangi ya maziwa, na kila mmoja alitaka picha ya asubuhi, kabla ya swala. Dogo aliamka saa kumi na moja, akavaa ya mama, akapigwa picha mlangoni. Akapanda tuktuk kwenda uwanjani, akabadilisha nguo kwenye kiti cha nyuma, dereva akamshikia simu na kumpiga picha ya pili chini ya mti, ikatumwa Msambweni. Halafu akavua tena, manake mama naye alikuwa njiani anakuja kuswali. Miaka 11. Alinisimulia kama mchezo, akicheka. Mimi sikucheka. Hiyo kazi naijua, niliifanya kabla yake.

Kazi yenyewe ina idara. Kuna tarishi, anayebeba maneno. Kuna mhasibu, anayejua nani alinunua sare na nani alinunua viatu, na kwamba ukivaa vyote viwili siku moja lazima uwe na maelezo kwa kila upande. Na kuna mkalimani, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Baba anasema, "Mwambie mamako kama hana pesa aseme, asinitumie watoto." Wewe unafika Ukunda unasema, "Baba anauliza kama kuna kitu kinahitajika." Mama anasema, "Mwambie ajiulize mwenyewe." Unarudi Msambweni unasema, "Mama anasema asante, kwa sasa hakuna." Umewafanyia wote wawili heshima ambayo hawakufanyiana. Na wao wanadhani umefikisha tu.

Wazee wetu wakiona mambo haya husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Methali hii nimeisikia kwenye kikao cha familia, nimeisikia redioni, na dogo mwenyewe aliitumia kwenye ile insha yake. Hutajwa kwa huruma. Lakini hebu irudie taratibu. Nyasi hazioni. Hazichagui maneno. Hazijui fahali yupi ana hasira na yupi ana woga tu. Methali inamwonea mtoto huruma, lakini inamnyima akili. Na nahisi fasihi yetu imeifuata methali hii bila kuiuliza maswali: mtoto wa talaka ni mtu wa kukanyagwa, basi. Aumie, alie, aokolewe au asiokolewe.

Ajabu ni kwamba lugha yetu haikuwa na shida na nyumba mbili. Tuna kuumeni na tuna kuukeni. Hapa Kwale, Wadigo walijulikana kwa kurithishana upande wa mama, mali ya mjomba ikienda kwa mpwa. Uislamu ukaja na mirathi ya mtoto kwa babake, na watu wakavutana juu ya hilo kwa vizazi. Yaani swali la "mtoto huyu ni wa upande gani" halikuletwa na Wazungu, wala si la juzi. Sheria nayo imeshasema. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wajibu wao ukiwa sawa, wawe wameoana au la. Mila ilihesabu nyumba mbili. Katiba imehesabu nyumba mbili. Hadithi nilizozikuta darasani zilihesabu moja.

Si kwamba Pwani hatuzungumzi talaka. Taarabu zetu zimejaa mke aliyeachwa, mke mwenza, anayerusha na anayerushiwa. Nimekulia kwenye harusi ambazo mwanamke huinuka na noti kwenda kutunza kwa sababu ya ubeti mmoja, na kila mtu anajua ubeti huo unamwendea nani aliyeketi safu ya tatu. Mahakamani pia kuna masimulizi. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alifuatilia kesi kwenye mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, kitabu chake Pronouncing and Persevering kikatoka 1998. Anaonyesha kwamba jamii inamtarajia mume atamke na mke avumilie, lakini mbele ya kadhi wanawake hufungua vinywa, husimulia yaliyowapata, na mara nyingi hushinda. Nilikipenda sana. Ila pale, kama kwenye taarabu, hadithi ni ya mume na mke, na ndivyo kitabu chenyewe kilivyokusudia. Mtoto huingia kama jambo la kupangiwa: matunzo yake, karo yake, atalala kwa nani.

* * *

Kitu cha karibu zaidi nilichokipata cha kwetu si kitabu. Ni filamu, Rafiki ya Wanuri Kahiu, 2018. Unaijua kwa sababu ya marufuku. Inahusu mapenzi ya wasichana wawili, kwa hivyo bodi ya filamu ikaizuia nchini. Ikaonyeshwa Cannes wakati sisi hapa haturuhusiwi kuitazama, kisha Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaifungulia siku saba tu. Mimi niliiona baadaye, na sitakuambia wapi. Kelele za marufuku zilikuwa kubwa hadi wengi wetu tukapitwa na jambo lililo wazi kabisa ndani yake: Kena ni mtoto wa talaka.

Anaishi na mamake, Mercy, mwanamke wa kanisa na wa maumivu, anayechezwa na Nini Wacera. Babake, John, anayechezwa na Jimmy Gathu, ana duka mtaani na mke mpya mwenye mimba. Kena anasaidia dukani, anarudi kwa mama, anaenda tena dukani. Nilikuwa namtazama Samantha Mugatsia, anayemcheza Kena, jinsi anavyoingia kila mlango. Kwangu alionekana kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole kabla ya kuoga. Anajua mambo ya kule, na akiwa huku anaamua aseme lipi. Hayo yote sijaambiwa kwa maneno, nimeyaona kwa sababu nimeyafanya.

Lakini hata Kahiu hakukaa sana hapo. Baba anagombea uchaguzi, na mpinzani wake ni baba ya Ziki, msichana ambaye Kena anampenda. Kwa hivyo mashindano yanayopewa nafasi ni ya mababa wawili wenye mabango ukutani. Mashindano ya mama na baba yasiyo na mabango yamebaki nyuma, kama redio ya jirani. Naelewa, filamu ilikuwa na vita vyake vya kutosha. Ila nilitamani ibaki dakika kumi zaidi mezani kwa Mercy, Kena akila chakula huku anafikiria aseme nini kuhusu ile mimba.

Nikaanza kutafuta nje. Zamu ya usiku ni ndefu, na vitabu vya zamani vilivyopitwa na hakimiliki unavipakua bure. Ndivyo nilivyofika kwa Henry James, What Maisie Knew, cha 1897. Kiingereza chake kigumu, bana. Sentensi moja inaweza kukupeleka Likoni na kukurudisha. Lakini nilikimaliza, tena kwa kiherehere. Maisie ni mtoto wa London ambaye wazazi wake wameachana na mahakama ikawagawia: miezi sita kwa baba, miezi sita kwa mama. Kila mmoja anamtumia kubeba matusi kwa mwenzake. Mtoto anabeba, maana ameambiwa abebe. Kisha siku moja anaelewa anachobeba. Na anafanya nini? Anaamua kuwa mjinga. Akiulizwa baba alisema nini, hakumbuki. Akiulizwa mama anafanya nini, hajui. Wazazi wanamwona amekuwa zuzu, na wanakasirika, manake chombo chao kimeharibika.

Niliposoma hapo niliiweka simu chini nikatoka nje kutembea. Ilikuwa kama saa nane usiku, barabara ya ufukweni haina mtu ila walinzi. Huyo mtoto wa Uingereza, aliyeandikwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alikuwa amefanya kile nilichofanya mimi kwenye kiti cha plastiki Msambweni. "Mama anaendeleaje?" Sijui. "Kuna mtu anakuja pale?" Sijaona. Baba alifikia kusema shule inanipumbaza.

James hamwonei huruma Maisie, na hicho ndicho kilichonifurahisha. Anamheshimu. Anamfuata kila anachokiona na jinsi anavyokielewa nusu nusu, hata wazazi wanapogeuka. Manake wanageuka: mwanzo walishindana kumpata, baadaye wanashindana kumsukumia mwenzake. Mtoto anabaki kuwa ndiye mwenye macho kuliko watu wazima wote waliomzunguka.

* * *

Kisha kuna A Separation ya Asghar Farhadi, filamu ya Iran ya 2011, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu kule Berlin na mwaka uliofuata ikapata Oscar. Simin anataka kuhama nchi. Nader hawezi kumwacha babake mwenye ugonjwa wa kusahau. Wana binti wa miaka 11, Termeh, anayechezwa na Sarina Farhadi, binti wa mwelekezi mwenyewe. Mama anahamia kwao. Termeh anabaki na baba, na si kwamba anampenda mama kidogo: anaamini akibaki yeye, mama hataweza kwenda mbali.

Watu wakiizungumza filamu hii huzungumza mwisho wake. Hakimu anamwuliza Termeh ataishi na nani. Anasema ameshaamua, lakini wazazi watoke nje kwanza. Wanatoka, wanangoja koridoni, huyu upande huu na yule upande ule, na filamu inaishia hapo bila kutuambia jibu. Mwisho mzuri, sikatai. Lakini onyesho linaloniuma mimi liko kabla ya hapo. Baba ana kesi. Mfanyakazi wake amepoteza mimba baada ya kusukumwa mlangoni, na swali ni kama baba alijua mwanamke yule ni mjamzito. Alijua. Termeh amegundua alijua, na baba amekiri kwake. Kisha hakimu anamwuliza Termeh, na Termeh anadanganya kumwokoa baba. Ndani ya gari, wakirudi, analia akitazama dirishani.

Hakuna fahali na nyasi hapo. Kuna mtoto aliyepewa uwezo mkubwa kuliko umri wake, akautumia, na ukamgharimu kitu ambacho baba hawezi kumlipa.

Nina sababu ya kulirudia onyesho hilo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nikiwaambia watu ni karo, wanatikisa kichwa, na kweli ilikuwa karo. Lakini wazazi wangu wangeweza kunisomesha, wakijibana, nusu kwa nusu. Tatizo lilikuwa nani aanze. Baba alitaka aone mama ametoa ndipo atoe. Mama alisema akitangulia yeye, baba atalala. Mimi nikapata njia. Nikamwambia mama kwamba baba ameshalipa nusu yake, anayengojwa ni yeye. Nikamwambia baba maneno yale yale. Wote wakatuma mbio, kila mmoja hataki kuonekana wa mwisho. Ikafanya kazi mihula mitatu.

Muhula wa nne walikutana kwenye mazishi ya nyanya. Wakaanza kubishana, simu zikatolewa, skrinishoti zikalinganishwa, na tarehe zikaonyesha kwamba hakuna aliyekuwa amemtangulia mwenzake kama nilivyosema. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu talaka, wazazi wangu walikubaliana juu ya jambo moja: mimi ni mwongo. Kila mmoja akasema hatoi tena mpaka amwone mwenzake ametoa, na mimi niliambiwa nifunge mdomo. Nikaufunga. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ikapita nikiwa nimekaa Ukunda natazama simu.

Siandiki haya kuwashtaki. Wote wawili wamezeeka kidogo, na wote kwa nyakati tofauti wameniomba radhi, kila mmoja akieleza kwa nini kosa kubwa lilikuwa la mwenzake. Ninachosema ni kwamba kwenye vitabu tulivyopewa darasani sikumkuta mtoto kama mimi: anayeumizwa na anayedanganya, mchana huo huo, kwa mapenzi. Nilimkuta aliyetupwa, aliyeibwa, aliyetoroka. Watu hao niliwalilia, kisha nikafunga kitabu nikaendelea na uongo wangu, bila kujua kwamba ni jambo la kuandikwa. Kama ningemkuta Termeh nikiwa na miaka 17, sijui kama ningefanya tofauti. Pengine ningejua tu kwamba kazi ile ina gharama, na kwamba si mimi peke yangu niliyeajiriwa.

Waandishi wanaokuja, hasa nyinyi wa rika langu mnaoandikia simuni na kwenye majarida kama haya, msimuue baba haraka. Msimtoroshe mama. Waacheni wote wawili wakiwa hai, na matatu moja kati yao, halafu mfuateni mtoto.

* * *

Baba ametoa amri: insha iandikwe upya, yeye akiwa mzima. Mama amesema sawa, iandikwe, lakini basi ukweli wote uandikwe. Hata insha ya kurasa mbili wameifanya uwanja.

Jana usiku dogo alinijia na daftari.

"Nianze na nyumba ipi?"

Nilielewa swali. Akianza Ukunda, baba atasema amewekwa wa pili. Akianza Msambweni, mama atanyamaza siku mbili, na mama akinyamaza ni afadhali apige kelele. Nikamwambia aanzie garini. Begi mapajani, makanga anadai nauli, simu inaita mama anauliza kama ameshapanda, inaita tena baba anauliza kama amekaribia. Aandike anachokijua akiwa pale katikati, ambacho wao wawili hawakijui.

Akaandika mistari minne. Akasimama, akauma kalamu.

"Hapa mwalimu atanipa ngapi?"

Nikamwambia sijui. Akafikiri kidogo, akafuta neno moja, akaendelea kuandika.